Jina Langu Lilikuwa Kwenye Chakula

Ilianza Jumamosi, saa tisa na robo alasiri, mjini Kasulu, kwenye duka la kukodisha movie. Saa naikumbuka kwa sababu mama alikuwa amenituma chumvi, akasema saa kumi na moja niwe nimerudi kijijini kwetu, Heru Juu, nami njia nzima nilikuwa naangalia simu. Asubuhi dada alikuwa amenitumia ujumbe: "Filamu yetu imetoka. Kaangalie."

Dada huyu ni mtoto wa shangazi yangu. Anakaa Kibondo, ana kikundi cha wenzake wanaoigiza. Likizo ya Desemba nilikaa kwao nikaiandika ile filamu yote, kwa peni, kwenye daftari kubwa. Ni habari ya mama aliyefiwa na mume wakati maharage yanataka kupaliliwa. Yale maneno "palizi haingoji matanga yaishe" niliyatoa kwa bibi yangu mzaa mama, ambaye dada hajawahi hata kumsalimia. Siku mbili walizopiga picha nilikuwepo, ila mimi mbele ya kamera nakufa aibu, kwa hiyo nilikaa jikoni nikawapikia. Niliomba kitu kimoja tu: liandikwe jina langu, kwamba mwandishi ni mimi. Dada akasema hilo nalo ni la kuomba?

Mwenye duka ni baba mmoja wa Ujiji. Siku hizi hakodishi diski sana. Analipia huduma ya filamu za mtandaoni, watu wanakaa kwenye benchi wanaangalia. Nilimwomba filamu yetu kwa sauti ndogo mpaka akaniambia nirudie. Nikaropoka kwamba na mimi nimo, nikamtajia na jina. Akaifungua. Chini ya picha palikuwa na mstari mmoja: mtunzi na mwongozaji, jina la dada. Nikajipa moyo kwamba labda pale nafasi ni ndogo, mwishoni nitakuwepo.

Filamu yenyewe ni fupi, kama nusu saa. Ilipofika ile sentensi ya bibi, mama mmoja mwenye kidumu cha mawese akasema, "Aliyeandika hii amefiwa huyu." Nilitaka kumgeukia. Sikuweza.

Majina yakaanza kupanda. Mwenye duka akawa anayasoma kwa sauti, ananitafuta. Mtunzi, dada. Waigizaji, mpiga picha, hata mwenye pikipiki. Kisha akasimamisha.

"Binti, si wewe huyu? Chakula."

Benchi zima likacheka, wala si kwa ubaya. Mmoja akauliza kama maharage yaliungwa nazi. Na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka nao.

Nilimpigia dada nikiwa njiani. Hakukana. Alisema fomu ya wenye huduma ilikuwa na nafasi moja ya mtunzi, tena ukishajaza pale unapigiwa simu, unahojiwa.

"Mdogo wangu, wewe ukiitwa ubaoni tu unatetemeka. Wakikupigia utasema nini?"

Ningemjibu kwamba kusema sijui, ndiyo maana naandika. Nikajibu, "Sawa, dada." Ndivyo nilivyo. Halafu, kama vile hakuna kilichotokea, akanikumbusha sehemu ya pili ya filamu, aliyoniomba niiandike: kesho nimpe konda wa gari la Kibondo la saa moja, Jumatatu wanaanza kupiga picha.

Sehemu ya pili nilikuwa nimeshaimaliza. Ilikuwa chini ya godoro, na nilikuwa nimeipenda kuliko ya kwanza.

Asubuhi niliiacha hapo hapo. Nilifika stendi kabla gari halijajaa, nikampa konda mfuko niliouandika jina la dada. Ndani nilitia kilo mbili za maharage ya bibi na kikaratasi: "Dada, nimeona kazi mliyoniandikia. Hii hapa."

Konda akaupima kwa mkono, akauliza kama ni chakula. Nikamwambia ndiyo.