Mistari Ambayo Hakuifuta

Fundi saa mstaafu alikuwa na kazi moja iliyobaki, kupiga picha za nyota juu ya paa. Mchana alizipanga kwenye kompyuta, zikalaliana nyingi hadi zikawa moja, na programu ikafuta chochote kilichopita katika picha moja tu. Hapo ndipo setilaiti zilipopotea, pamoja na mistari myeupe zinayoiacha pichani zikipita.

Mkewe, Mungu amrehemu, alikuwa akikaa naye pale juu kajifunika blanketi, na nyota hazikumshughulisha hata chembe. "Zimekaa tu kama wageni wasioaga!" Yeye alingoja setilaiti. "Huyo! Mbio kama kaiba!"

Tangu azikwe, mzee hakuiruhusu tena programu ifute mistari hiyo.

Siku moja shemeji yake, mdogo wa marehemu, alikuja kuomba picha ya kutundika sebuleni. Kabla yake hakuna mtu aliyewahi kumwomba picha.

"Nzuri, shemeji, ila mbona ina mikwaruzo? Paka kaiparura?"

"Setilaiti hizo."

"Basi zifute. Wageni watanicheka."

Mzee alishika kipanya. Kubofya mara moja tu, na kazi yake ingepata ukuta wa kutazamwa na watu. Akakiachia.

"Dada yako alikuwa anazingoja hizi."

Shemeji akainamisha kichwa kidogo. "Haya. Basi nipe ile ya mwezi."

Akampa, akamsindikiza hadi mlangoni, akarudi kuketi mbele ya kioo cha kompyuta. Akafuata mstari mmoja kwa kidole, polepole.

"Huyo," akasema.