Sindano Iligusa Upande Mmoja

Kazi yangu hapa Mwakitolyo ni kupima mawe. Mchimbaji ananiletea mawe ya duara lake, yaani shimo lake la dhahabu, nayatwanga, naosha unga wake kwenye karai, naangalia kilichobaki chini. Nikisema hamna kitu, watu wanahama. Ndiyo maana nina sheria moja, na kwenye hiyo sibembelezwi: usiniletee jiwe la upande mmoja. Lete la juu, la chini, la kila ukuta. Aliyeniletea moja nilimfukuza na maneno yangu ya ukali, na kaka yangu, mchimbaji mwenyewe, alikuwa anacheka mpaka anakohoa.

Kaka huyo ndiye aliyenilea baada ya baba kufa. Alikwenda hospitali ya rufaa kwa maumivu ya mgongo tu, wakampiga picha, wakakuta kitu kingine kabisa: kifuko cha majimaji kwenye kongosho. Hata hilo kongosho sikujua liko wapi. Daktari akatuambia si saratani, ila kinaweza kuja kuwa. Wakampitisha mpira wenye sindano mdomoni, wakavuta majimaji, yakapelekwa nje ya nchi kupimwa jeni.

Majibu yaliporudi tulikuwa wote wawili. Daktari alieleza taratibu. Jeni ni maagizo yaliyomo ndani ya kila chembe ya mwili, na saratani haiji kwa kosa moja kwenye maagizo hayo. Kosa la mwanzo linaiambia chembe izaliane tu. Hapo unapata kifuko, na mtu anaweza kuzeeka nacho. Hatari ni pale jeni zinazofanya kazi ya breki zinapoharibika, moja baada ya nyingine.

"Makosa ya mwanzo tumeyaona," alisema. "Ya breki hatujayaona. Mrudi baada ya miezi sita tupige picha tena."

Tukiwa bado getini nikampigia mama, yuko Kharumwa. "Mayu, wamepima, hakuna kitu!" Akapiga vigelegele kwenye simu.

Miezi sita ilipofika, duara la kaka lilikuwa ndiyo kwanza limegusa mwamba wenye dhahabu. Akaja kuniuliza, na leo naamini alitaka nimkemee: "Niende, au tumalize mwamba kwanza?"

Nami, mwenye mdomo wangu wote huu, nilimjibu hata bila kuinua macho kwenye karai: "Si walishapima? Maliza kazi yako."

Karibu mwaka ukapita. Siku moja akatoka shimoni macho yake ya njano. Wenzake wakamtania eti dhahabu imempanda machoni, naye akacheka nao. Mimi nikamburuta hospitali siku hiyohiyo.

Walimlaza wodini, wakaniita peke yangu. Saratani, na ilikuwa imeshafika kwenye ini. Nikamvaa daktari. "Si mlipima nyie! Si mlisema breki ni nzima!"

Hakukasirika. Alichora kifuko kwenye karatasi. Akasema chembe za kifuko kimoja hazifanani. Ni kama koo nyingi kwenye kijiji kimoja, kila ukoo na makosa yake. Wa upande huu unaweza kukaa na kosa lake moja miaka yote, wa upande ule ukavunja breki zote. Akaweka nukta. "Sindano iligusa hapa." Akaweka nyingine, mbali na ile. "Saratani ilianzia hapa. Ndiyo maana nilisema mrudi. Wakati ule tungeweza kukikata."

Jamani! Upande mmoja. Mimi, wa kupima mawe!

Sasa kaka amelala kwangu, amekwisha, uji wenyewe vijiko viwili. Anajua anakufa. Habari ya nukta zile mbili sijamwambia. Karatasi ninayo, nimeifunga kwenye pindo la khanga. Natamani nimwambie anitukane, nashindwa. Namwogopa, na najichukia.

Jana mchana kijana mgeni alisimama mlangoni na jiwe moja mkononi. Mkono wangu ukaenda kwenye pindo la khanga. Kaka ndiye aliyemjibu kutoka kitandani, kwa tabu, na bado kwa majivuno:

"Rudi ukalete ya kila upande, bwana. Dada yangu huyu hadanganywi na jiwe moja."