Kumpa Punda Mgongo

Jumanne iliyopita, nyuma ya soko la Bwera, nilimkuta mwanajeshi mstaafu akimfokea punda. Punda huyo alikuwa akizurura porini upande wa Nyakiyumbu, hajawahi kuguswa na mtu, na mzee alijitolea kumfuga. Mwenyekiti wa soko alishasema: asipofungwa kamba leo, anakwenda kwa wachinjaji.

"Simama! Kuja hapa!" Kila amri, punda alirudi nyuma hatua mbili.

Mama mmoja Mkongo, muuza vitenge kutoka Butembo, alicheka mpaka akashika tumbo. "Afande, unamuangalia mu macho kama mwizi. Umupe mugongo, utulie."

"Mama, askari haiwezi kupa adui mgongo!"

"Kumbe iko adui? Miye nilizani iko mutoto wako."

Mzee alijaribu kugeuka, miguu ikakataa. Mwishowe akakaza mikono ubavuni, akajiamuru kwa sauti ya gwaride: "Nyuma... geuka!" Akageuka, buti zikalia. Sote tukaziba midomo tusicheke.

Punda akasogea. Akanusa shati, kisha akaweka kidevu begani mwa mzee na kupumua kwa nguvu. Mzee hakuthubutu hata kugeuza shingo. Kamba aliisahau mkononi. Mama wa vitenge ndiye aliyeichukua na kumfunga punda shingoni taratibu.

Husemwa kwamba mwanajeshi hastaafu. Ni kweli, hubadilisha mkuu tu. Nilimsikia kwa masikio yangu mzee yule, amesimama wima, akimnong'oneza punda: "Niko tayari, afande."