Bastola ya Mama Départ

Ukifika Musaga ukauliza nyumba ya Huguette, utaulizwa Huguette yupi. Uliza nyumba ya Mama Départ, kila mtu atakunyooshea kidole. Anauza maparachichi kando ya barabara, lakini jina hilo, neno la Kifaransa la kuanza mbio, hakulipata kwa maparachichi. Yeye ndiye anayewaanzishia mbio vijana wa mtaa kila Jumapili baada ya misa, na akishainua mkono hata wale wasiosikia la mama zao wanafunga midomo.

Miaka mingi alitumia vibao viwili. Anavigonganisha, paa, watu wanachomoka. Mwaka huu klabu ya mbio ya mtaa ikamnunulia bastola mpya, ya silinda inayozunguka, ile ya michezo inayolia tu bila kutoa risasi. Aliiomba mwenyewe, tena kwa ukaidi. Musaga wanaujua mlio wa bunduki kwa sababu mbaya. Huguette aliwahi kulala sakafuni akimfunika mtoto wake kwa mwili, na tangu siku ile alitaka mtaa wake uusikie tena mlio huo na ujue kwamba ni vijana wanakimbia, basi. Kwa hiyo kabla ya kupiga hupita mlango kwa mlango akiwatahadharisha watu. Wapo wanaomcheka. Wacha wacheke, yeye anabisha hodi.

Bastola ililia vizuri majuma ya mwanzo, kisha Jumapili moja ikagoma. Tik. Nusu ya wakimbiaji wakaondoka, nusu wakabaki wameinama kama watu waliodondosha sindano, na uwanja mzima ukacheka mpaka kushika mbavu.

Salvator, rais wa klabu, hakucheka. "Mama, umeiharibu," alisema. "Jumapili ijayo watu wa Cibitoke na Carama wako wanakuja kukimbia na sisi. Mi sitaki haya. Nitaita mutu wa mjini, aje na bastola yake."

Huguette alikipenda cheo chake, tusidanganyane. Ila kilichomchoma moyo ni kingine: mtu wa mjini atashuka garini, atapiga na kuondoka. Hatabisha hodi kwa mtu yeyote.

Kesho yake akaiweka bastola kwenye boksi lake pamoja na karatasi ya garanti, ile ahadi ya kubadilishiwa kitu kilichotoka kiwandani kibovu, akaenda mjini kwenye duka la Atumani, muuzaji wa vifaa vya michezo aliyeiuzia klabu.

"Garanti iko, mama, sikatai," alisema Atumani akiigeuza geuza. "Lakini mi nitajuaje kama ilitoka kiwandani mubovu? Labda we umeifungua."

"Mi? Nifungue kitu ya klabu?"

"Basi tuipige hapa, nione kwa macho yangu."

Alikuwa amekwisha kutia baruti na kuielekeza juu, pale pale kati ya mipira na jezi. Huguette akamdaka mkono.

"Muzee, uko na akili? Ikigoma, sawa. Na ikilia? Angalia inje."

Atumani akaangalia. Kulikuwa na wanawake wanaouza vocha, foleni ya watu mbele ya benki, polisi amesimama kwenye kona. Taratibu akaishusha bastola mezani. Aliyeandika ile garanti, huko alikoandikia, hakufikiria kwamba kuna mji ambao huwezi kuthibitisha ubovu wa namna hii dukani bila kuwakimbiza watu barabarani.

"Kuja Musaga," Huguette akamwambia, kidevu juu. "Watu wa hapa hawajazoea. Wa kwetu wamezoea. Mi mwenyewe niliwafundisha."

Atumani akaja kesho yake jioni, viatu vinang'aa, na bastola nyingine ya aina ile ile mkobani, ya kulinganisha. Alidhani wataenda uwanjani moja kwa moja. Kumbe kwanza ni kuzunguka! Vumbi likavila vile viatu, nyumba baada ya nyumba.

"Hodi! Ni Mama Départ. Leo tunajaribu bastola ya michezo. Italia mara moja tu."

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya mjane Marguerite. Bastola ilipolia kwa mara ya kwanza mwaka huu, bibi huyu, pamoja na kuambiwa mapema, alikutwa chini ya kitanda, na Huguette ndiye aliyelala kifudifudi akimbembeleza hadi akatoka.

"Moja?" Marguerite akauliza, mwiko mkononi.

"Moja, bibi."

"Haya. Nangojea."

Uwanjani Huguette akaitia baruti bastola ya klabu, akainua mkono. Tik. Akaizungusha silinda hadi baruti ikarudi mahali pake, akarudia. Tik. Atumani akaichukua, akajaribu mwenyewe, tik, akakuna kichwa. "Labda ni baruti imeloa," akasema.

Hapo sauti ikapasuka nyuma yao. "Ni nini hii?" Marguerite alikuwa amewafuata na mwiko wake. "Mulisema moja! Nimengojea mpaka maharagwe inaungua. Iko wapi?"

Huguette akajaa fahari, kwa maana huyu ndiye aliyebembelezwa kutoka chini ya kitanda, na sasa amekuja kudai mlio wake. Akaichomoa baruti ile ile, akaitia kwenye bastola ya pili, ile ya Atumani, akainyoosha juu.

"Bibi, tayari?"

"Tayari!"

Paaa! Mlio ukapita juu ya mabati yote. Hakuna mlango uliofungwa wala mtoto aliyelia, na kutoka nyumba ya jirani kikasikika kigelegele. Mtu mmoja tu alikuwa chini, amechuchumaa na mikono kichwani, naye alikuwa Atumani.

Marguerite akamsogelea, akamgusa bega.

"Simama, baba," akamwambia kwa upole. "Ni michezo tu."

Atumani akasimama, akajifuta vumbi magotini. Ile mbovu akaitia mwenyewe mkobani, na hii iliyolia akamwachia Huguette bila kuuliza swali lingine. Mtu wa mjini hakuitwa tena. Jumapili, watu wa Cibitoke na Carama walipofika, walimkuta Mama Départ bado yuko kwenye milango ya watu, anabisha hodi.