Chui wa Kipindi cha Mwisho

Mwaka wangu wa pili wa kusomesha nilikuwa nimeshachoka kama mtu aliyeshika chaki tangu ujana hadi uzee. Ilikuwa katika miaka ya hamsini. Mimi mtoto wa mjini, niliyezaliwa katika nyumba ya ghorofa karibu na Darajani, nikapelekwa kijiji kimoja cha kusini ya Unguja, upande wa Makunduchi, kwenda kusomesha wasichana. Skuli yenyewe ilikuwa chumba kimoja cha mawe kilichoezekwa bati. Wasichana wenyewe ilikuwa kazi ya kuwasaka. Jamaa zangu wa mjini walinitania kwamba nimekwenda kunenepa kwa samaki na nazi. Niliporudi likizo mashavu yamebonyea, utani ukaisha.

Kazi haikuwa kusomesha, kazi ilikuwa kuzunguka. Kila wiki alichomoka mmoja: huyu mama yake amejifungua, yule amevunja ungo na kuwekwa ndani, mwingine anatakiwa pwani akaponde makumbi ya kusokotea kamba. Jioni nilijitanda buibui langu nikapita nyumba hadi nyumba. Nilipokewa vizuri, nikakaribishwa jamvini, nikapewa kahawa, na kila mzee akaniambia inshallah. Nilijifunza kuichukia ile inshallah, Mungu anisamehe, maana haikuwa ya kumtegemea Mwenyezi Mungu, ilikuwa ya kunifukuza kwa adabu.

Ndipo nikaleta kitabu.

Nilipokuwa nasomea ualimu nilikuwa nimevizoea vile vitabu vya watoto wa Kizungu ambamo wanyama wana akili na wanasema, wanafunga safari, wanapotea, wanapigana, wanapatana. Nilivipenda kuliko vitabu vya watu wazima, ingawa wanyama wa humo wote hunywa chai. Kijijini nilikuwa nacho kimoja tu, kikuukuu, kimetafunwa mgongo na mende, nilichokinunua mjini kwa muuza makorokoro. Kilisimulia kundi la wanyama wadogo ambao kisima chao kimekauka, wakaondoka kwao kutafuta maji, na njia nzima wakawa wanafuatwa na mbwa mwitu ambaye hujui kama ni adui au mwenzao. Kijiji chetu kilikuwa juu ya mawe matupu, na maji tulichota kisimani, mwendo wa kuchosha. Nikaona hiki watakifahamu. Sikuwa na nia tukufu yoyote. Nilitaka kitu cha kuwafanya wabaki mpaka kipindi cha mwisho, na kesho warudi.

Basi nilisimama mbele yao na kitabu mkononi, macho kwenye Kiingereza, mdomo kwenye Kiswahili, jasho linatiririka chini ya bati. Kutafsiri hivyo, mwisho wa siku, ni kazi ya punda. Wanyama niliwabadilisha. Sungura wao nikamfanya paa. Mwingine, wa kuishi mashimoni, ambaye hata jina lake sikulijua, nikamfanya nguchiro. Wa kuruka mitini akawa komba. Bundi nilimtoa kabisa. Kitabuni bundi ndiye mwenye hekima, lakini kwetu bundi akilia juu ya nyumba watu husoma dua, na mimi sikuwa mjinga kiasi hicho. Mbwa mwitu nikamfanya chui, maana mbwa mwitu Unguja hatuna na chui tunaye. Nikajiona mjanja.

Wasichana walinasa kama ndege kwenye ulimbo. Hata walioacha skuli walirudi, wengine na wadogo zao mgongoni.

Aliyenasa zaidi alikuwa binti wa mchoma chokaa mmoja. Alikuwa na umri wa miaka kumi na moja hivi, mrefu, mikono imekauka kwa chumvi ya makumbi. Hesabu alizikosa bila haya. Kushona hakukujali. Lakini kikifika kipindi cha mwisho alijisogeza mbele mpaka akawa karibu kunikanyaga, na maswali yake hayakuwa ya kitoto.

"Mwalimu, yule chui jana kalala wapi?"

Kitabu hakikusema. Nilikuwa nimechoka na nilitaka kumfurahisha, nikamjibu, "Kalala pango lile la njia ya kisimani."

"Na ana njaa?"

"Ana njaa."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa habari ya jamaa yake. Nikaiambia nafsi yangu, huyu ndiye. Mwalimu akipata mmoja kama huyu husahau kwamba miguu inamuuma. Niliamua moyoni kwamba nitafanya kila njia asome, na akimaliza pale nitampeleka mjini, akae kwetu, aendelee mbele. Nilikuwa nimeshaanza kufikiri atalala chumba gani. Wazazi wake sikuwaambia kitu, wala yeye mwenyewe sikumwambia.

Kisha chui wa kweli, wa msituni, akachukua beberu wa baba wa yule binti. Walikuta kamba imekatika na damu imeelekea njia ya kisimani.

Siku iliyofuata nilikuta watoto watatu darasani. Iliyofuata tena, mmoja, na huyo alikuwa amekuja kuchukua kibao chake cha kuandikia. Nikazunguka nyumba hadi nyumba kama desturi, lakini safari hii hata inshallah sikupewa. Huyu mgonjwa, yule kasafiri. Nyumba moja, mama alimvuta mtoto nyuma ya mlango nilipokaribia. Kwa mchoma chokaa nilipiga hodi mpaka nikaona haya, na ndani nilisikia watu wanapumua.

Jioni ya siku ya tatu wakaja wanaume watatu nyumbani nilikopanga chumba, kwa bibi mmoja mjane. Mbele alikuwa baba wa yule binti, miguu myeupe kwa vumbi la chokaa.

"Shikamooni," niliwaambia.

"Marahaba, mwalimu." Hakutaka kukaa. "Hatukuja kwa ugomvi. Wewe mgeni wetu na tunakuheshimu. Tumekuja kukuomba tu. Mnyama wako, tafadhali, mwambie mbuzi wetu awaache. Kama kuna jambo tumekukosea, lisemwe, tutakutaka radhi."

"Mnyama wangu yupi?"

Wakatazamana. Nilivyoona, swali langu liliwathibitishia walichokuwa wanakidhani.

"Sisi tushasema," alimalizia yule baba, kwa upole uliozidi. "Na mtoto wangu, nisamehe, kwa sasa atakaa nyumbani."

Walipoondoka nilimgeukia bibi mwenye nyumba, ambaye alikuwa amesikiliza yote nyuma ya pazia na wala hakujisumbua kuficha.

"Wanasema nini hawa, bibi?"

"Wanasema unafuga chui."

Mimi mtu wa mjini nilijua mambo ya bundi, sikujua mambo ya chui. Bibi akanieleza huku akichambua mchele. Huko shamba, chui wa Mungu ni mmoja na chui wa mtu ni mwingine. Wako watu wanaofuga, na mfugaji humjua chui wake alipolala, anachotaka, anakokwenda. Akila mbuzi wa mtu, hakasirikiwi chui. Huendewa mwenyewe, kwa adabu, aombwe amzuie. Na mfugaji siku zote hukana mara ya kwanza.

Nilicheka. Kisha nikalia kwa hasira. Mwaka mzima nazunguka na jua, nalazwa na homa, nasomesha watoto wa watu kukata shati na kuandika majina yao, na malipo yake ni kuitwa mchawi.

"Lakini bibi," nilimwambia, "nyinyi wenyewe mna ngano za sungura na fisi wanaosema tangu enzi za mababu! Mbona bibi zenu hawaambiwi wanafuga fisi?"

"Ngano ina Paukwa," alinijibu, naye akaanza kukasirika. "Mtu akisema Paukwa, wenzake wakaitika Pakawa, washajua wote kuwa wanaingia katika uongo, na wanajua watatokea wapi. Wewe unasimama mchana kweupe, umevaa viatu, watoto wa watu mbele yako, unawapa habari: kalala pango fulani, ana njaa. Kesho yake beberu hayupo. Sasa watu wafahamu nini, mwanangu?"

Kitabu cha Kizungu hakina mlango wa namna hiyo. Unakifungua tu, umo ndani.

Ningefunga mizigo yangu kesho yake, na hakuna ambaye angenilaumu. Kilichonizuia ni yule binti. Nilimwona kwa mbali akipita na tita la makumbi kichwani, na nikasema kama nikiondoka sasa, huyu ndiyo basi tena, atazeeka hivi hivi pwani. Nikamwomba bibi anipelekee ujumbe kwa wazee: Ijumaa baada ya sala, waje skuli wote, wasikie kwa masikio yao hicho ninachowasomea watoto.

Walikuja. Wanaume walisimama madirishani na mlangoni, wanawake nyuma yao, watoto wakapenya miguuni mwa watu. Yule binti alikuwa ameshikwa mkono na baba yake. Nilikuwa na kitabu mkononi, na uchovu tu wa kulazimika kujieleza.

"Paukwa!" niliwaambia.

Mtu alikohoa. Nikarudia. Ndipo mzee mmoja karibu na mlango, aliyekuwa mmoja wa wale watatu, akaitika kama mtu anayejaribu ngazi kwa mguu mmoja.

"Pakawa."

Mara ya tatu waliitika wote mpaka bati likavuma. Nikawasomea. Nikamsoma nguchiro anayejisifu, nikamsoma komba mwoga, na chui nikamsoma kwa sauti nzito ya kuchekesha, ambayo darasani sikuwahi kuitumia. Wanaume walianza kutabasamu, halafu wakaanza kumsaidia nguchiro kubishana. Baba wa binti alijipiga paji la uso.

"Kumbe ngano!" alisema. "Wallahi ngano tupu! Na mimi nnakwenda kwa mwalimu kumwombea mbuzi!"

Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kikoi, na kijiji chote kikamcheka. Watu waliniomba radhi mmoja mmoja. Bibi yangu mwenye nyumba alijitia hamnazo, lakini usiku ule alinipikia wali wa nazi. Nililala kama gogo. Kwa mara ya kwanza tangu nifike huko nilijisikia nimefanya kitu kikatimia.

Skuli ilipofunguliwa walirudi wote isipokuwa mmoja.

Nikajua, ni baba wa yule binti. Amecheka mbele za watu, na nyumbani kamzuia. Mchana niliwapa wengine kazi ya kunakili, nikaenda moja kwa moja kwenye tanuu la chokaa. Njia nzima nilikuwa napanga maneno: kwamba msichana ni mtu, kwamba akisoma hatadhulumiwa, kwamba kwetu mjini kuna nafasi, na mama yangu atamlea kama wake. Nilikuwa tayari hata kugombana.

Baba mtu alishuka kutoka juu ya mawe alikokuwa akipanga kuni, akanikaribia kwa furaha.

"Shikamoo," nilisema. "Nimekuja kwa ajili ya binti."

"Marahaba. Kwani hakuja?" Alishangaa kweli, nilimwona. "Asubuhi nimemwambia nenda. Mimi simzuii, mwalimu, baada ya yale nna uso gani wa kumzuia? Yuko pwani na bibi yake. Muulize mwenyewe."

Nikashuka pwani.

Alikuwa ameketi kando ya shimo la makumbi, anayaponda kwa rungu, bibi yake kwa upande wa pili anasokota. Aliponiona alisimama, akajifuta mikono kwenye kanga, akanipa shikamoo kwa heshima zote.

"Mbona hukuja leo?" nilimwuliza. "Wenzako wote wapo. Tunaendelea na safari."

Aliangalia chini. "Ile ni ngano, mwalimu?"

"Ndiyo. Ni ngano."

"Ngano anazo bibi." Hakusema kwa ubishi, alinieleza tu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. "Zake nzuri zaidi. Na nnasikiliza huku nnafanya kazi."

"Lakini wewe ulikipenda kile kitabu kuliko wote. Ulikuwa unaniuliza kila siku."

Bibi yake aliacha kusokota, akatutazama, akaendelea. Nilingoja, miguu inazama mchangani, na nilitamani aseme baba kamkataza, au hesabu zimemshinda, au anaogopa. Hayo yote nilikuwa na dawa yake.

"Wenzangu walikuwa wanamwogopa yule chui," alisema mwishowe. "Mimi nlikuwa simwogopi. Mimi nlidhani yupo kweli, na ananijua."

Aliketi, akachukua rungu lake. Nilisimama pale hadi jua likaanza kunichoma kichwa, kisha nikarudi skuli, maana wengine walikuwa wananisubiri.