Mvua Iliyomleta Jeong-im Hamamuni

Mvua za katikati ya mwaka zikishika Busan, mji wa bandari wa Korea, bahari hufunikwa na ukungu hata mtu aliyesimama ukingoni huisikia tu asiione. Hapo ndipo wageni wanapochanganyikiwa. Wametoka kwao mbali kuja kuogelea, na sasa boti za kuzunguka visiwa hazitoki, vibanda vya kupita angani kwenye waya vimesimama, na huko ufukweni waokoaji wanapuliza filimbi kuwafukuza wakaidi. Basi wengine huenda kutazama papa nyuma ya vioo. Wengine hushuka kwenye maduka ya chini ya ardhi wakanunua soksi wasizozihitaji. Na wale waliolelewa vizuri na mama zao humuuliza dereva wa teksi hamamu nzuri iko wapi.

Madereva wa upande wa Yeongdo waliwapeleka kwa Maeng Bong-sun.

Hamamu haikuwa yake. Mwenye hamamu alikuwa Pil-nam, mwanamke wa sauti kubwa aliyekaa mlangoni akigawa funguo na taulo na kuuza mayai ya kuchemsha. Bong-sun alikuwa msuguaji. Mumewe, fundi wa kuchomelea vyuma kwenye karakana ya meli, alifariki wakati binti zao wawili wangali wadogo, naye akavaa kitambaa kigumu mkononi na kuanza kutoa watu nongo. Kwa kazi hiyo mabinti walikua, wakasoma, wakaolewa. Mtu akimpa pole kwa kazi ngumu, Bong-sun alishangaa. Alikuwa akifanya kazi mahali penye joto, na kila aliyelala mezani kwake aliondoka mwepesi kuliko alivyokuja. Alijiona mwenye bahati.

Mwaka mmoja, mvua ikimwagika kama imefunguliwa bomba, waliingia wanawake wengi kwa mkupuo, wote wapishi wa shule moja huko Andong, mbali na bahari. Shule zilikuwa zimefungwa, wakachanga, wakaja kupanda boti.

"Tumekuja kuona bahari," alisema mmoja wao akivua soksi zilizolowa, "tumeishia kuona makalio ya mwenzetu."

"Na bahari yenyewe ingekuwa ndogo kando yake," mwingine akamjibu, na wote wakacheka mpaka Pil-nam akaja kuchungulia.

Yule mwenye makalio alikuwa Jeong-im, mwanamke mnene wa makamo, mcheshi. Zamu yake ilipofika alilala chali juu ya meza ya raba, akafumba macho.

"Shangazi, usinihurumie. Nimebeba mvuke wa sufuria mwaka mzima."

"Naona," alisema Bong-sun. "Hapa nitahitaji koleo."

Alimmwagia maji ya moto, akaanza kusugua mikono, kisha mabega, kisha akauinua mkono wa kushoto apite kwapani. Vidole vyake vikasimama. Kulikuwa na kitu pale, kidogo, kigumu, kisichoteleza chini ya ngozi. Akapita tena taratibu kama anayesugua tu. Kilikuwapo. Akashuka kwenye titi, akakuta kingine.

Bong-sun aliendelea na kazi yake. Alimpigapiga begani mara mbili kama kawaida, ageuke, akamsugua mgongo, akamwosha nywele. Huyu mtu yuko mapumzikoni, aliwaza, wenzake wanamcheka na kumpenda, mimi ni nani wa kumharibia siku? Lakini alipomwona anaketi na kutafuta kandambili zake, aliinama karibu na sikio lake.

"Dada, mimi si daktari. Ila hapa chini ya kwapa kuna kitu kimenigusa vidole. Ukifika nyumbani nenda ukaonwe. Usingoje."

Uso wa Jeong-im ulibadilika. "Nimelala hapa nisuguliwe, sio nitabiriwe kifo."

"Sijasema kifo."

"Umesema nini basi? Msuguaji mgongo umegeuka mganga?" Akavuta taulo, akaenda zake, na wenzake waliokuwa wamekaa ndani ya birika kubwa la kuogea la maji ya moto wakamtazama bila kujua kumetokea nini.

Jioni Pil-nam alimkalia kooni. "Watu wanakuja hapa kusahau shida, wewe unawafungashia nyingine waende nayo. Wakisambaza habari kwamba kwetu watu wanatishwa, tutamsugua nani?"

"Ningenyamaza, ningelalaje?"

"Ungelala kama tunavyolala sisi wote," alisema Pil-nam, lakini alimmenyea yai, akampa.

Wale wapishi walirudi kwao. Bong-sun hakujua hata jina la ukoo la yule mama. Kiangazi kikapita, baridi ikaja na kwenda, naye kila aliponyanyua mkono wa mteja wa umri ule alimkumbuka. Binti yake mkubwa alipompigia simu akamsikia amepoa na kuelezwa kisa chote, alisema, "Mama, ulisema ulichopaswa kusema. Yaliyobaki si yako." Bong-sun aliitikia, lakini hakutulia.

Mvua zilipoanza tena, wageni walimiminika. Siku moja, watu wamejaa, Bong-sun alitoka kupunga hewa kwenye chumba cha makabati, akamkuta mwanamke amesimama na nguo zake zote, ufunguo mkononi, koti linachuruzika. Alikuwa amekonda, nywele zake fupi kama za mwanajeshi.

"Kabati linakataa kufunguka?" aliuliza Bong-sun.

"Linafunguka. Mimi ndiye ninayekataa." Yule mwanamke akageuka. "Shangazi, hunijui. Mwaka jana nilikutukana."

Bong-sun aliijua sauti kabla ya uso. Akaketi kwenye benchi.

"Niliporudi nilikaa wiki nzima nimenuna," alisema Jeong-im akiketi pembeni yake. "Nikasema mwanamke yule mchawi. Halafu usiku nikajishika mwenyewe, nikaenda. Daktari akaniambia tumewahi. Wamekata upande mmoja, wakanichoma madawa mpaka nywele zikaisha. Lakini nipo. Mwanangu anaoa mwezi wa kumi, na mimi nipo."

Bong-sun alimshika mkono, akaubana.

"Nilipanda basi nije kukushukuru," Jeong-im aliendelea. "Nimefika hapa, nasikia maji na watu wanacheka, natamani kuoga kama zamani. Ila tangu nikatwe sijavua nguo mbele ya mtu. Hata mume wangu namzimia taa."

"Huko ndani kuna vikongwe wa mtaa huu," alisema Bong-sun. "Mmoja ana mshono kutoka hapa mpaka hapa, mwingine goti lake ni la chuma. Ukitaka, nitatembea mbele yako."

Jeong-im alicheka kidogo. Akavua koti. Akavua vyote, polepole, akijifunika kovu kwa taulo, akamfuata.

Kwenye birika la maji ya moto wale vikongwe waliinua vichwa. Waliona. Mmoja wao, mkubwa kuliko wote, alimsukuma mwenzake kwa kiwiko.

"Sogea wewe, umejitandaza kama mkeka. Mtoto wa watu anasimama kwenye baridi."

"Nisogee wapi? Wewe ndiye umechukua nusu."

Wakasogea. Jeong-im akaliweka taulo pembeni, akazama mpaka shingoni, akafumba macho, na machozi yakachanganyika na jasho bila mtu kumwuliza kitu. Yule mkubwa alimpa tu sikhye yake baridi, kinywaji kitamu cha mchele, anywe.

Baadaye Bong-sun alimsugua kwa kitambaa laini, na karibu na kovu alitumia kiganja kitupu chenye sabuni. Hakuharakisha. Alipomaliza, Jeong-im aliketi, akashuka, akaipigapiga meza mara mbili.

"Haya, lala wewe."

"Mimi? Kuna watu wanangoja."

"Wangoje. Mvua hainyeshi leo tu."

Bong-sun alikataa, akavutwa, akalala kifudifudi mbele ya wateja wake wote. Jeong-im alisugua vibaya, kwa nguvu za mtu aliyezoea kukwangua masufuria, na Bong-sun alilalamika kwamba anachunwa. Lakini mikono ile ilikuwa moto, ilikuwa hai, na alipofikiri kwamba ingeweza kuwa chini ya udongo, alikilaza kichwa, akaacha kulalamika. Alimshukuru Mungu kwa mvua, kwa basi la Andong, na kwa ukaidi wake mwenyewe wa siku ile.

Pil-nam alifunga mapema siku hiyo, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alikaanga pajon, chapati za vitunguu majani na ngisi, mafuta yakatoa mlio kama ule wa mvua juu ya bati, akamimina pombe ya mchele kwenye vibakuli. Cha Jeong-im alikijaza chai ya shayiri.

"Kula," alimwambia. "Na mimi nilimgombeza huyu kwa ajili yako. Nisamehe na mimi."

"Nikusamehe nini, mama? Mimi nilimwita mchawi."

"Basi mchawi apewe kipande kikubwa," alisema Pil-nam, akakiweka kwenye sahani ya Bong-sun.