Redio ya Ng'ombe wa Ardell

Kaka yangu Ardell hazimi redio ya zizini, kwa sababu ng'ombe wake wamezoea sauti ya mtangazaji Buck Tolliver. Buck hupiga porojo za siasa kuanzia saa tisa alasiri mpaka saa kumi na mbili, saa zile zile za kukamua. Ukiizima wanarusha mateke na maziwa yanapungua. Hivyo hapa kwetu Wisconsin ng'ombe arobaini wamesikiliza matusi kwa miaka kumi na moja, na Ardell pamoja nao.

Mdogo wetu Verlyn anakaa ng'ambo ya barabara. Mashine ya kufunga majani ya mifugo ni moja, baba aliwaachia wote wawili. Huyu akimaliza, anaichukua yule.

Mwezi wa tatu Verlyn alimpigia Buck simu hewani kutetea kodi ya kujenga shule. Buck akamwita kupe wa serikali, akapiga honi yake inayolia kama ng'ombe. Kaunti nzima ilicheka. Verlyn mwenyewe alicheka. Ardell hakucheka. Kanisani akahama benchi letu, akaenda kukaa nyuma karibu na makoti. Mwezi wa sita Verlyn alipokata majani yake, Ardell aliifungia mashine bandani kwa kufuli.

"Kupe hasaidiwi," aliniambia.

"Ardell, huyo ni Verlyn. Wewe ndiye uliyemfundisha kuendesha trekta."

"Buck hasemi ovyo, Lavonne."

Niliomba Mungu siku tatu. Majani ya Verlyn yalikuwa yamelala shambani, makavu kabisa, na mvua ilitabiriwa Alhamisi jioni. Yakilowa yataoza, na ng'ombe wake watakula nini baridi ikija? Alhamisi hiyo hiyo Buck alikuwa anatangaza kutoka duka la mbegu mjini, na Ardell alimwachia kibarua kukamua ili akamshike mkono. Nikapanda naye garini. Nilijua hanisikii mimi wala mchungaji. Labda angemsikia Buck.

Tulimkuta wakati wa matangazo ya biashara. Kumbe ni kamtu kafupi, miguu imevimba, kavaa ndala. Pembeni yake alikaa mama wa bodi ya shule, yule ambaye Buck humwita nyoka redioni kila siku, anamkatia pai.

"Kipande kikubwa, mpenzi," Buck alimwambia.

"Daktari wako amekataza, mnafiki wewe," akajibu nyoka, na akamkatia kikubwa.

Ardell alisimama kofia mkononi. Nikasema mimi: "Bwana Tolliver, mwambie kaka yangu amfungie ndugu yake majani. Ulimwita kupe."

"Nani?"

"Verlyn. Wa kodi ya shule. Mwezi wa tatu."

Buck alitafuna, akafikiri kweli kweli. "Dada yangu, simkumbuki. Alikuwa anachekesha?"

"Kwa hiyo si kupe?" Ardell aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mzee, mimi hata kupiga kura sikupiga mwaka jana. Mwambie apige simu tena, watu wanapenda ugomvi." Kisha taa nyekundu ya kurudi hewani ikawaka, akaanza kupiga kelele kwamba nchi inauzwa, na yule mama akapiga kelele kumjibu, wote midomo imejaa pai.

Njiani Ardell aliuliza, "Sasa ile hasira ya Buck ilikuwa ya nani?"

Tulipofika alifungua kufuli, akaivuta mashine mpaka shamba la Verlyn. Mawingu yalikuwa yameshakuwa meusi.

"Umemleta na Buck?" Verlyn alimtania.

"Yeye hakukumbuki," Ardell akasema. "Mimi nilikukumbuka kila siku."

Verlyn akaacha kucheka. "Mimi nilidhani unaigiza, kaka. Kama yeye."

"Miezi mitatu?"

"Nilidhani wewe ni hodari sana wa kuigiza."

Walifunga majani, mimi nikipanga marobota, mpaka matone ya kwanza. Ilibaki mistari miwili tu ya majani.

Kesho yake nilipita zizini saa kumi alasiri. Buck alikuwa anaunguruma kama kawaida. Ardell alikuwa amekaa kando ya ng'ombe akikamua, ameziba masikio kwa pamba. "Redio ni kwa ajili yao," alisema, akionyesha ng'ombe. Lakini honi ilipolia, nilimwona anacheka, na sikujua amesikia nini kupitia pamba ile.